Mwaka Baba Alipoacha Sigara

Baba yangu alivuta sigara tangu kabla sijazaliwa. Aliendesha lori kubwa la kubeba mawe ya shaba kule mgodini Mutoshi, na alisema bila sigara angesinzia kwenye usukani. Alipopita miaka hamsini akaanza kukohoa mpaka anashika ukuta. Daktari akampima kifua na kumwambia aache siku ileile. Naye akaacha kweli. Alirudi nyumbani, mtaani Manika, akampa mama paketi iliyobaki.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kula. Kila hamu ya sigara ilipomshika alitafuna kitu: karanga, muwa, viazi vitamu vya jana. Mama alikaanga mikate ya mafuta kila asubuhi na kumwongezea bukari, ugali wetu, bila kuombwa. Kwake, mume aliyenona alikuwa heshima yake mbele ya majirani. Na kikohozi kilikuwa kimepungua sana.

Baba hakufurahi. Miaka ile unga ulikuwa wa shida, watu waliupangia mstari, na mtu aliyenenepa ghafla alitazamwa vibaya, kama mwizi. Kwenye basi la wafanyakazi, wenzake walimwita "raia" kwa Kifaransa, kama serikali ilivyoamuru, wakamuuliza kwa mzaha, "Citoyen, unakulaka wapi?" Alicheka nao. Akifika nyumbani alivua shati na kujishika tumbo kama mtu aliyeota uvimbe.

Mimi nilikuwa fundi wa kushona, na cherehani yangu ilikaa barazani kwetu. Mara mbili nilimwongezea suruali kiunoni. Kisha ikaja habari kwamba yeye na wazee wenzake kazini watapewa medali ya utumishi mrefu mbele ya wakubwa, na kila mmoja avae abakosti, lile koti la heshima lisilovaliwa na tai. Alikuwa na moja tu, ya kijivu, niliyomshonea mwenyewe. Akaijaribu pale barazani. Vifungo viwili vya chini vilikataa kabisa.

"Fungua kidogo," akaniambia.

Nikageuza mshono. Ndani hakikubaki kitambaa cha kufungua. Nilikuwa nimechoka, wateja wananingoja, nikasema neno ambalo bado nalisikia.

"Tata, kitambaa inaisha. Mupunguze ile tumbo. Munafanana mama wa mimba."

Wateja wakacheka. Baba akatabasamu, akaikunja abakosti polepole, akaingia ndani.

Wiki ile nilinusa moshi nyuma ya jiko. Nilimkuta ameegemea ukuta, sigara imefunikwa na kiganja.

"Tata, munganga ya hospitali alisema nini?"

"Ni ya siku kidogo tu, mutoto yangu. Mwili ipunguke, nipate medali, nitaacha tena. Si niliacha mara moja?"

"Na kifua?"

"Kifua haionekani. Tumbo ndiyo batu banaona."

Sikumwambia mama. Nilijua nani alimrudisha kwenye moshi, na niliona haya. Ningeweza kwenda sokoni kutafuta kitambaa kingine, hata kama si cha kijivu, nikamshonea abakosti mpya. Ni jambo la siku mbili kwa fundi. Wazo hilo halikunijia mpaka alipokuwa kitandani.

Siku ya medali vifungo vilifunga. Baada ya hapo alijaribu kuacha tena, na kila alipojaribu mwili ulianza kujaa, naye akaogopa na kurudia. Mwisho hakujaribu tena. Kikohozi kilirudi na damu. Hospitali walimweka majuma matatu, kisha wakaturudishia. Mama alimlisha uji kwa kijiko, naye akaumeza ili kumridhisha, kisha akautapika. Alitutoka mwanzoni mwa mvua.

Kwenye matanga, wanawake waliokuja kulia na mama walishangaa jinsi alivyokuwa amekonda. Mama aliwasikia. Wageni walipoondoka alinivuta kando.

"Nilimupikia kila siku," alisema. "Weye uliona. Alikuwa ananona muzuri. Ni nini ilimukondesha? Chakula yangu ilikosa nini?"

Nilimshika mkono. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: abakosti, wateja, kicheko, moshi nyuma ya jiko. Nikasema tu kwamba ni ugonjwa.

Mama aliishi miaka tisa baada yake. Swali lile aliniuliza mara nyingi, wakati mwingine tukiwa tunachambua majani ya sombe tu, bila machozi. Nami kila mara nilijibu vilevile, mpaka naye tukamzika.