Kiraka cha Pajani

"Mkono wa mtu mwingine ukikaa kwangu miaka miwili, bado ni mgeni?" Baba mdogo aliniuliza hivyo nikimpiga picha dirishani kwake, mtaa wa Niboye, Kigali.

Mkono wake wa kulia ulikatwa na mashine ya kusaga mahindi. Huu, mweupe kuliko yeye, alipandikiziwa India kutoka kwa marehemu mmoja. Ili mwili usiukatae alimeza dawa za kushusha kinga, lakini zilikuwa zimeanza kumuumiza figo, kwa hiyo daktari wa huko alizipunguza kidogo kidogo. Kila Jumatatu nilimtumia picha mbili: ya mkono, na ya kiraka cha ngozi ya marehemu yuleyule kilichoshonwa pajani. Mwili ukianza kukataa, ngozi ingekuwa nyekundu kote kuwili.

Mpango wenyewe niliubishia. "Nani amethibitisha kwamba dozi hii inatosha?"

"Ziulize figo zangu. Chuo kimekufundisha kuuliza tu. Kujibu mtafundishwa lini?"

Jumatatu moja mkono ulijaa vipele vyekundu hadi kwenye kifundo. Nikanyakua vidonge. "Turudishe dozi ya zamani sasa hivi!"

"Weka chini, mwanangu. Mpigie daktari kwanza."

Kiraka cha pajani kilikuwa safi. Daktari akauliza mkono umegusa nini. Baba mdogo akatazama pembeni.

"Jumamosi tulikuwa na umuganda, kazi ya mtaa. Niling'oa majani mtaroni."

"Kwa mkono huo?" mama mdogo akadakia. "Na glavu nilizokununulia? Au unafikiri fundi cherehani wa pale kona atakushonea mwingine?"

Daktari hakucheka. Aliagiza kipande kidogo cha ngozi kikatwe na kupimwa hapahapa Kigali. Tulingoja siku nne, mama mdogo akisali, mimi nikisoma kila nilichokipata. Jibu likaja: ni majani yaliyomuwasha, mwili haujaukataa mkono. Dozi ikaendelea kushuka.

Nilimkasirikia muda mrefu. Nilidhani alitaka sifa.

Baadaye sana mama mdogo aliniambia kwamba majirani walikuwa hawaushiki mkono ule; walimsalimu kwa kumgusa bega. Siku ya umuganda kila mtu ana udongo kiganjani, kwa hiyo watu wote husalimiana kwa kushikana vifundo vya mikono. Alikwenda kuupaka udongo.