Sema Kwanza ya Mwenzako

Mama yangu huuza supu ya vichwa vya mbuzi mtaani Kiamaiko. Vichwa hutoka kwa mzee mmoja mchinjaji, Mwislamu, naye alikuwa akinywa supu yetu kila asubuhi kwa kuwa alijua mkono uliochinja.

Siku za fujo za uchaguzi mzee alifunga. Mama akanunua vichwa kwingine kwa bei isiyomwachia faida, wala hakuuliza nani kachinja. Mzee aliporudi alikunywa mabakuli mawili kabla ya watu kumwambia vichwa vilitoka kwingine. Hakugomba. Aliacha tu kutuletea vichwa, na jiko letu likazimika wiki tatu.

Jirani yetu kule Mbotela tunakoishi alikuwa mwanamke wakili. Nikiwa mdogo nilimwona akitoka asubuhi na joho jeusi mkononi, nikaona haya hata kumsalimu. Baadaye aliacha kesi, akawa anapatanisha watu mitaani, na sasa alikuwa anagombea ubunge. Mama alimwendea akitaka barua kali kwa mzee.

"Nitaiandika," alisema. "Halafu utanunua vichwa kwa nani?"

Akaja Kiamaiko kwa miguu, akaketi juu ya kreti ya soda kati ya mama na mzee. Sharti lake lilikuwa moja: sema kwanza ya mwenzako kabla ya yako, mpaka mwenyewe akubali kuwa ndivyo.

"Anasema nimemharibia jina," mama alianza.

"Sikusema hivyo," mzee akajibu.

"Anasema supu yangu mbaya."

"Supu yako tamu, Mama. Hiyo ndiyo shida."

Watu walicheka. Wakili alingoja tu, mikono magotini, kana kwamba hakuwa na kura hata moja ya kutafuta. Nami nyuma ya jiko nilimtazama. Sikuwahi kuona mtu akingoja namna ile.

Mwishowe mama akasema polepole, "Anasema alinikabidhi kinywa chake, nami nikamlisha asichokijua, nikanyamaza."

"Ndivyo," mzee akasema, akajifuta macho. Zamu yake hakukosea: "Anasema nilifunga, na watoto walilala njaa."

"Ndivyo."

Wakili akainuka, akakung'uta sketi, akaenda. Kura hakuomba.

Kesho yake mama alisugua sufuria kwa mchanga hadi ikang'aa, na mzee akaleta vichwa vinne. Bakuli la kwanza nilimpelekea wakili. Akalipokea kwa mikono miwili.

Siku hizi yuko bungeni. Mzee hutuonyesha kwenye simu yake: wabunge wenzake wanapiga kelele, yeye anangoja. Simu huishika kwa mkono mmoja, maana wa pili una bakuli.