Mama Déborah na Saa ya Kuchota Maji

Karatasi ilibandikwa mlangoni pa kituo cha afya siku ya Jumatatu, na kabla jua halijapanda sawasawa mtaa mzima wa Kavimvira ulikuwa umeshaisoma, hata wale wasiojua kusoma. Ilikuwa tathmini ya watu kumi na wawili wanaojitolea kutia dawa kwenye maji ya ziwa ili kipindupindu kisirudi. Kumi na mmoja waliandikiwa "Vizuri sana" au "Vizuri". Chini kabisa palikuwa na jina la Déborah, mjane wa Mwalimu Sévère, na mbele yake maneno mawili: "Ameacha kazi."

Déborah alizaliwa Bwegera, kati ya mashamba ya mpunga, akasoma mpaka akapata diploma ya ualimu wakati ambapo wasichana wengi wa kwao waliishia darasa la nne. Akaolewa na Sévère, aliyefundisha darasa la sita Kavimvira kwa miaka ishirini na miwili. Moyo wa Sévère uliposimama ghafla, hakuacha shamba wala gari. Aliacha nyumba ya matofali ya kuchoma, watoto wanne, na jina. Nyumba ilivuja, watoto walikua, lakini jina hilo Déborah alilipiga pasi kila asubuhi kama shati la kwenda nalo kanisani. Alishona sare za shule kwa cherehani yake, hakukopa chumvi kwa jirani, na hakuna aliyewahi kumsikia akigombana barabarani.

Miaka mitatu nyuma, nyumba ya pili kutoka kwake ilizika watoto wawili katika juma moja. Mradi wa kutia dawa maji ulipokuja kutafuta watu wa kujitolea, mkono wake ndio uliotangulia kunyooka. Walimpa kizibao cha buluu, ndoo ya dawa, bomba la sindano la kupimia, na fomu za kujaza kila siku. Juu ya kila fomu palikuwa pamechapwa: "Saa za kazi: saa mbili mpaka saa sita."

Hapo ndipo maneno yalipoanzia, kwa sababu nani Kavimvira anachota maji saa mbili? Mpaka wa Burundi unafunguliwa saa kumi na mbili. Mwanamke mwenye biashara Bujumbura anataka awe amekwisha chota maji, ameyafikisha nyumbani, amefunga mzigo wake na kusimama kwenye foleni ya barriere, kizuizi cha mpakani, kabla mlango haujafunguka. Saa kumi na moja alfajiri ufuko umejaa bidoni za kuchotea maji na kelele. Saa mbili wamebaki mabata na wenye kufua nguo.

Kwa hiyo Déborah alikuwa pale saa kumi na moja, na saa moja na nusu alikuwa amerudi kwenye cherehani yake. Na kila siku, kwa rula, alikata zile saa zilizochapwa akaandika saa za kweli. Wenzake waliijua saa ya maji kama yeye, lakini walifuata fomu: walikaa chini ya mwavuli saa mbili, wamependeza na vizibao vyao, wakawatilia dawa wachache waliochelewa. Wakaguzi walipopita saa tatu, waliwakuta. Déborah hawakumkuta.

Jumatatu hiyo hiyo shemeji yake Luc, mdogo wa marehemu, alifika bila kupiga hodi.

"Mama Déborah, weye unatufanyia nini? Jumamosi wakwe za binti yako Claire wanakuja kuzungumza mahari. Watapita mbele ya mlango ule wa kituo! Watasema binti ametoka kwa mama mutegaji wa kazi."

"Kaa kwanza, shemeji. Hata mtu mwenye hasira ana magoti."

"Sikai. Nataka jina la kaka yangu litoke kwenye karatasi ile kabla ya Jumamosi."

"Hata mimi nataka," alisema Déborah. "Tena kuliko weye. Mimi ndiye ninayelala chini ya jina hilo."

Jumanne akaja Marcellin, msimamizi wa wanaojitolea, mtu wa maneno laini na viatu vinavyong'aa. Alikunywa vikombe viwili vya chai kabla hajafikia neno lililomleta.

"Mama, mambo haya ni madogo. Andika kabarua. Omba pardon, sema ulikuwa mugonjwa. Mimi nitakapeleka, jina litatoka."

"Mgonjwa wa nini?"

"Weka malaria. Malaria hakuna anayeibishia."

"Marcellin, wewe ulizaliwa hapa. Mama yako anachota maji saa ngapi?"

Marcellin alitazama ndani ya kikombe. "Saa ileile, Mama."

"Na uliwaambia wakaguzi?"

"Mama, fomu ilitoka Bukavu, kwa wakubwa. Nitabishana na Bukavu?"

"Basi chukua viatu vyako vizuri uvipeleke nyumbani. Miezi yote hii ya kazi sikuumwa hata mafua, sasa unipe malaria ya kwenye karatasi!"

Jumatano matokeo yalisomwa mbele ya watu katika ukumbi wa kituo. Mkaguzi mkuu alikuwa kijana wa Bukavu aitwaye Emery, mpole, mwenye tableti kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Alipomaliza kuwasifu kumi na mmoja, Déborah alisimama. Alikuwa amevaa kitenge cha Pasaka.

"Baba Emery, mimi ndiye niliyeacha kazi. Nimekuja kuuliza niliiacha lini."

Watu walicheka. Emery hakucheka; alifunua tableti yake, akatafuta.

"Mama, wakaguzi walifika kwenye eneo lako mara nne. Mara nne, saa tatu asubuhi, hapakuwa na mtu. Na fomu zako, ziko hapa, mashine ilizikataa zote. Inapokea saa mbili mpaka saa sita tu. Ukiandika saa nyingine, inahesabu hukufanya."

"Kumbe mashine ndiyo iliyonifukuza."

"Si kukufukuza, Mama. Ni utaratibu."

"Sawa. Basi iambie mashine yako imwambie Zaina achote maji saa mbili."

Zaina, muuza nyanya aliyekaa nyuma na mtoto mgongoni, alipaza sauti: "Na iniambie nani atanunua nyanya zangu Bujumbura nikishachelewa!" Ukumbi ukawaka kicheko. Marcellin alijipangusa uso kwa leso.

Mmoja wa wale waliopata "Vizuri sana" alinong'ona kwa nguvu, ili asikike: "Anatafuta saa ya peke yake kwa sababu ya cherehani yake."

Déborah akamgeukia. "Saa mbili ingenifaa mimi zaidi, mwanangu. Ningelala." Kisha akamwambia Emery: "Sitaki unihurumie. Nataka unipime. Kesho saa kumi na moja, uje ziwani. Ukikuta hakuna watu, andika 'Ameacha kazi' kwa herufi kubwa, nitakushikia gundi."

Emery alikuja. Hilo wengi hawakulitarajia. Alishuka kwenye pikipiki giza likiwa bado linashikana na maji, akakuta foleni ya bidoni za njano mpaka barabarani, na Déborah katikati na bomba lake, akitia dawa na kurudia maneno yaleyale kwa kila mmoja: "Ngoja nusu saa kabla ya kunywa. Nusu saa, si dakika tano."

Emery alimsogelea mwanamke wa karibu, akasoma kwenye kioo cha tableti: "Je, unaridhika kiasi gani na huduma inayotolewa?"

Alikuwa Zaina. "Weye kijana, barriere inafunguka saa kumi na mbili. Kama unataka kuniuliza, beba bidoni, tuulizane njiani."

Akaibeba kweli. Alirudi suruali ikiwa imelowa mpaka magotini, akahesabu waliopita mpaka mwanga ulipotoka, kisha akaja kusimama mbele ya Déborah. Marcellin naye alikuwa amefika, viatu vimeingia mchanga.

"Mama," alisema Emery kwa sauti ya chini, "nimeona. Eneo lako lina watu kuliko mengine yote. Leo hii nabadilisha, nakuwekea 'Vizuri sana'. Karatasi mpya itabandikwa mchana. Ni kitu kimoja tu: kwenye saa nitaandika saa mbili mpaka saa sita, ili mashine ipokee."

Luc, aliyekuja kushuhudia, alivuta pumzi ya shukrani. "Asante Mungu. Mama Déborah, mushukuru kijana."

Déborah alilaza bomba juu ya ndoo. Alifikiri juu ya Claire, juu ya wakwe watakaopita mlangoni Jumamosi. Ingekuwa rahisi. Neno moja, na jina lingekuwa safi kabla ya jioni.

"Hapana," alisema.

"Shemeji!"

"Ukiandika saa mbili, baba, mwaka ujao mtamtuma mtu mwingine aje saa mbili, na wanawake hawa watakunywa maji ya ziwa kama yalivyo. Na chini ya uongo huo litakuwa jina la Sévère. Andika saa kumi na moja."

"Mashine haitapokea, Mama. Mpaka Bukavu wabadilishe fomu. Inaweza kuchukua miezi."

"Basi kwa miezi hiyo mimi nimeacha kazi." Akamgeukia Luc. "Wakwe wakija Jumamosi, usiwapitishe njia ya nyuma. Wapitishe mlangoni pa kituo, waisome yote. Wakitaka kujua binti wanayemposa anatoka nyumba gani, nitawaamsha Jumapili saa kumi waje hapa wanikute."

Emery alibaki na kidole juu ya kioo, hajui abonyeze wapi.

"Na wewe, mwanangu," Déborah alimwambia, akichukua tena bomba lake, "umesimama kwenye njia ya watu. Sogea, mpaka unafunguliwa."