Kusafisha Nyota

Watu wengi hudhani mtafiti wa nyota hukesha akichungulia angani. Mimi hulala mapema kama kuku. Darubini ninayoitumia iko nchi nyingine, kwenye jangwa ambalo nimefika mara mbili tu. Picha huja kwenye kompyuta, nami huzikalia mchana, chai ikipoa pembeni. Mwaka ule nilikuja likizo kwa mama, Kibosho, na likizo yenyewe ikanishinda. Nakaa, nasimama, naizunguka nyumba, naingia kihambani katikati ya migomba na mibuni kutafuta mtandao, narudi, nakaa tena. Mama alisema labda nina siafu kwenye sketi.

Sababu ilikuwa moja. Mkataba wangu wa kazi ulikuwa unakaribia kuisha, na mkuu wa kikundi chetu cha utafiti aliahidi kuuongeza iwapo makala yangu ingetoka. Makala ilihusu nyota moja iliyofifia na kung'aa tena kwa mpangilio wa ajabu. Kila picha ilinipa kipimo kimoja cha mwanga wake, na mchoro ulipendeza, kila kipimo kimekaa mahali pake. Kilichobaki ni kuituma jaridani tu. Siku ya nne nilikuwa bado sijaituma, nikisingizia mtandao, huku mama akiniombea kila usiku kama miaka yote.

Asubuhi hiyo akaja jirani yetu, mwenzake mama kwenye jumuiya ya kanisani, na mkungu wa ndizi kichwani. Nikampokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia wewe ndiye mnajimu." Akakaa, akashusha pumzi. "Yule kijana wangu anauza viatu sokoni Pasua. Biashara imekufa kabisa. Wamemchezea nyota. Nikasema, kwa waganga siendi, mimi ni mtu wa kanisa. Si kuna huyu binti amesomea? Umsafishie."

Nina hasira za karibu, sikatai. Nilimwambia, kwa sauti iliyozidi adabu, kwamba nyota ninazosoma mimi ni majua ya mbali, hayajui viatu wala Pasua, na kwamba mimi sisafishi nyota ya mtu.

Mama akatoka jikoni, mwiko wa kupondea kiburu cha ndizi na maharage mkononi. "Si juzi nilikuuliza unafanya nini mchana kutwa, ukaniambia unasafisha nyota?"

"Nasafisha picha, mama. Wingu likipita mbele ya darubini, picha inaharibika, naitoa."

"Sasa unajuaje kama wingu lilipita?" aliuliza jirani. Hakuwa na ubaya wowote, alitaka kujua tu.

"Linaonekana. Ngoja nikuonyeshe."

Kushindwa kwa maneno sijazoea. Nikaleta kompyuta, nikafungua orodha ya picha nilizozitoa. Zilikuwa kumi na moja, na pembeni ya kila moja nilikuwa nimeandika neno moja: wingu. Nikafungua ya kwanza. Anga safi. Nyota zote za kandokando zimetulia, hakuna hata ukungu. Ya pili, safi. Ya tano, safi. Nikazifungua zote. Wingu halikuwepo hata kwenye moja. Vilikuwepo vipimo vilivyouharibu mchoro wangu, nami nilikuwa nimeving'oa kimoja baada ya kingine kwa miezi, nikiwa nimechoka, nikiwa na haraka, na kila mara nikijiaminisha. Nikavirudisha. Mpangilio wote ukavurugika. Nyota yangu ya ajabu ilikuwa inafifia na kung'aa ovyo tu, kama nyingine nyingi.

"Umeliona?" aliuliza jirani.

"Halikuwepo, mama."

"Ee. Basi pole."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Yeye alitaka nyota ya mwanawe ing'arishwe, na mimi niliyemfokea nilikuwa nimeshaing'arisha ya kwangu. Nikamwomba radhi. Akasema yameisha, akaenda zake.

Sikutaka kujipa nafasi ya kughairi. Nilikwenda na kompyuta mpaka mwisho wa kihamba, nikaketi kwenye ukingo wa mfereji, nikamwandikia mkuu wangu yote: vile vipimo, na lile neno nililoandika pembeni. Jibu likaja kabla ya chakula cha mchana. Alinishukuru kwa kusema kweli, na akaniarifu kwamba mkataba utaisha kama ulivyo, mwisho wa mwezi.

Nikamfuata mama jikoni. Nikamwambia kwamba sina kazi, kwamba kule sirudi, kwamba miaka yote ile imekwenda bure. Akaweka mwiko chini, akanishika mabega. Pole, mwanangu, pole, Mungu hamtupi mja wake. Alijitahidi sana kusikitika. Kisha akageukia moto, akanipa mgongo.

"Kwa hiyo kwenye kuchuma kahawa utakuwepo," alisema, na furaha ilimtoka hata mgongoni. Ndipo nilipoelewa alichokuwa akikiomba kwa Mungu miaka yote ile, mimi nikidhani ananiombea kazi.