Kidonda cha Mama Mkwe Kilichokataa Kupona

(Jina la aliyetuletea barua hii tunalo. Ameomba tusilitaje.)

Bwana Mhariri na wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nimeolewa na mfanyabiashara wa nguo na tuna mtoto mmoja wa kike. Sasa tunakaa Mbeya, lakini kwetu ni Iringa, na huko nilikuwa nesi katika hospitali moja, wodi ya vidonda. Sijivuni nikisema kazi ile nilikuwa naiweza. Metroni wetu, mama mkali asiyesifu mtu, alikuwa akinipa mimi wagonjwa walioungua, kwa sababu nilikuwa na mkono mwepesi.

Mwaka jana mama mkwe wangu, ambaye ni mjane na anaishi peke yake hapa Mbeya, alijikata na jembe kwenye muundi wa mguu. Kidonda kikachimbika. Hospitali hakutaka hata kuisikia, maana mumewe aliingia huko kwa miguu yake akatoka amebebwa. Bwana akaniambia, "Mke wangu, twende tukakae naye miezi mitatu. Wewe umtibu nyumbani. Akipona tunarudi, na kazi yako utaikuta." Metroni alikubali. Akanipa koleo, shashi na bandeji za kuanzia, akaniambia niandike kila mwezi kumweleza hali ya mgonjwa.

Basi nikaanza. Kila siku baada ya sala ya alfajiri nilichemsha maji ya chumvi, nikachemsha na koleo, nikakaa kwenye kigoda na mguu wa mama juu ya mapaja yangu. Bandeji zilipokwisha nilichana shuka langu la harusi, nikafua vipande, nikavipiga pasi ya mkaa hadi vikanukia moto. Mwezi wa pili nyama mpya nyekundu ikaanza kujaa. Kidonda kikabaki kama kucha ya dole gumba. Nilimwandikia metroni kwa furaha kwamba ninarudi.

Wiki ile ile kikafumuka. Kingo zikavimba na ngozi ya pembeni ikawa kama imemwagiwa maji ya moto. Nikaanza upya. Kikakaribia kufunga, kikafumuka tena. Mara nne, ndugu zangu! Nilibadilisha dawa, nikabadilisha maji, nikakata kucha zangu hadi zikatoa damu, nikidhani uchafu ni wangu. Siku moja harusini, Iyunga, nilisikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Huyo ndiye nesi wa Iringa. Kidonda kimoja, mwaka mzima." Nilirudi nyumbani nikalia. Bwana akanifuta machozi kwa kanzu yake. "Usijilaumu," akasema, "hata madaktari hushindwa." Nilimshukuru Mungu kwa kunipa mume wa namna ile.

Mwezi uliopita nilitoka kwenda sokoni, mvua ikanirudisha njiani. Nilipoingia nilimkuta mama mkwe amefungua bandeji. Mkononi alikuwa na kijiti cha mnyaa, ule mti wa ua wetu wenye utomvu mweupe unaochoma ngozi, naye alikuwa akiudondosha utomvu ule ndani ya kidonda. Alikuwa ameuma upindo wa kanga kwa maumivu.

Nikasema tu, "Mama, unafanya nini?"

Akatoa kanga mdomoni. "Kikipona mtaondoka," akasema. "Mtaniacha na kuta hizi."

"Huumii?"

"Naumia, mwanangu. Lakini kila asubuhi unakuja kunishika mguu."

Wasomaji, pale nilikuwa karibu kumsamehe. Nikamwambia lazima nimweleze bwana. Akanitazama kwa mshangao, kama nimesema jambo la kitoto. "Mumeo anajua. Alinikuta tangu mwezi wa Ramadhani, akaurudisha mlango taratibu."

Jioni bwana aliporudi nilimwuliza, wala hakukataa. Alivua kofia akaiweka juu ya meza. "Nilichoka kusikia mke wangu anaosha miili ya wanaume wa watu," akasema. "Ningekwambia uache, ungeacha?"

"Hukuniambia."

"Sasa si umeacha?"

Kumbe siku ile ananifuta machozi alikuwa anajua! Aliniacha niamini mikono yangu imeharibika, akakaa akila chakula nilichopika kwa mikono hiyo hiyo. Mama mkwe alijichoma mguu wake mwenyewe. Yeye bwana alinichoma mimi, na hakuuma kanga.

Tangu siku hiyo mama haugusi tena mnyaa, ameniapia. Lakini kidonda sasa kimeingia ndani, kinatoa harufu, na ninaogopa kimekaribia mfupa. Hospitali bado anaikataa katakata, wala hamruhusu mtu mwingine kufungua bandeji. Na metroni ameniandikia: nisiporudi mwisho wa mwezi huu, nafasi yangu inapewa mwingine. Baba yangu, Iringa, anasema nipande basi na mtoto wangu nirudi kwetu. Bwana anasema nikipanda basi hilo nisirudi.

Nikienda, mama huyu huenda akapoteza mguu, au hata roho, nami nilifundishwa kutomwacha mgonjwa. Nikibaki, bwana atakuwa amepata alichokitaka, na kila asubuhi nitakapokaa kwenye kigoda mbele ya ule mguu nitajua hivyo. Leo nimemsafisha kama kawaida.

Manesi wenzangu, na ninyi kina mama mlioishi na wakwe zenu, nawaomba mniandikie katika ukurasa huu kabla mwezi haujaisha: nipande basi, au nibaki na mgonjwa wangu? Bwana naye hulisoma gazeti hili. Akijiona humu, sitakana kwamba aliyeandika ni mimi.