Sisimizi na Upepo wa Mtae

Sefania wa Soni ni fundi wa kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, na kenchi zake utazijua hata ukiwa barabarani: nene, nzito, utadhani paa litafungiwa ng'ombe. Watu humtania kwamba nyumba zake zitadumu hadi kiama, ila msitu utakwisha kabla. Yeye hucheka nao, kisha huongeza mbao nyingine.

Mwaka huu alipewa kazi ya ukumbi wa kijiji huko Mtae. Kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, kila kaya ilileta mbao yake, na zilipopangwa uwanjani zote hazikufika hata theluthi mbili ya alizotaka mzee. Kuwarudia watu kuwaomba tena aliona haya. Basi bintiye Janeth, aliyesomea uhandisi, akafungua kompyuta yake juu ya meza ya kurandia.

Akamweleza baba kwamba humo ndani amewaachia sisimizi wa hesabu, programu inayoiga sisimizi wanavyotafuta njia. Kila mmoja hupita kwenye kenchi akichagua unene wa kila mbao. Aliyepata kenchi nyepesi isiyovunjika huacha harufu, wenzake wakaifuata, mpaka maelfu wakubaliane njia moja. Sefania aliutazama mchoro. Mbao za katikati zilikuwa nyembamba kama fito.

“Hao sisimizi wako,” akauliza, “umewaambia habari za upepo?”

Janeth akasema amewapa uzito wa mabati na wa mafundi watakaopanda. Upepo wa nini, na bati linakandamiza lenyewe?

Sefania angeweza kumwambia tu azinenepeshe, na binti angetii. Lakini kesho angejenga kwingine bila kujua sababu. Hilo lilimuuma kuliko aibu ya kukiri kosa lake la zamani.

“Lile ghala la Mtae, miaka kumi na minne sasa,” akasema polepole, “halikuezuliwa kwa ubovu wa mabati. Kule upepo hupanda kutoka nyikani, ukaingia chini ya paa ukalinyanyua. Mbao za katikati, zilizozoea kuvutwa, zikasukumwa, zikapinda, zikakatika. Niliziweka mimi, nyembamba hivyo hivyo. Halafu nikamsingizia Zuberi muuza mabati.”

Janeth aliwaandikia sisimizi upepo wa kutoka chini, akawaachia tena. Alasiri wakaleta jibu: mbao za katikati zimenenepa kidogo, za pembeni zimepungua, na za kijiji zinatosha, zinabaki nne. Ndipo Janeth akauliza kama mzee Zuberi anajua ukweli huo.

Sefania akavaa kofia, akatoka. Duka la Zuberi liko hatua mia mbili tu kutoka karakana, na miaka yote hiyo alikuwa akipita upande wa pili wa barabara.

“Shikamoo, kaka,” akasema mlangoni, kofia mkononi, akamweleza yote amesimama.

Zuberi alimsikiliza mpaka mwisho, akamsogezea kigoda.

“Marahaba. Mabati yangu niliyaokota mwenyewe kule bondeni, Sefania. Yalikuwa bado yameshikilia mbao zako zilizokatika.”