Baba Aliyeimba Kantri Deira

Mwezi uliopita kazi ilinipeleka Dubai kwa siku mbili, na kabla hata sijafungua mkoba nikajikuta kwenye metro naelekea Deira. Nilikuwa natafuta hoteli moja iliyojificha nyuma ya maduka ya jumla ya vitambaa, yenye mgahawa ghorofa ya kwanza. Hoteli bado ipo. Mgahawa haupo. Pale palipokuwa jukwaa sasa wanauza masanduku ya safari, yamepangwa hadi darini, na muuzaji akaniuliza kama nataka la magurudumu mawili au manne. Ningeanzaje kumweleza kwamba hapo aliposimama ndipo baba yangu alipokuwa akiimba kantri?

Usicheke. Najua inavyosikika: Mkenya wa Nakuru, fundi wa kukata marumaru, kuimba nyimbo za mashambani za Wamarekani katikati ya Dubai. Lakini kama umekulia kwetu, unajua jinsi watu wanavyozipenda. Baba alizipata kwenye redio ya nyanya yake, Jumapili asubuhi kabla ya kanisa. Alipokuwa kijana aliuza kondoo wake wawili akanunua gitaa, kisha akaimba kwenye harusi, kwenye maonyesho ya kilimo, kwenye hoteli za nyama choma, na kofia yake pana kichwani. Hakuwahi kufika Amerika. Aliimba habari za garimoshi na za mke aliyetoroka, na wanaume wazima wakatoa leso. Kisha nikazaliwa mimi, binti yake, karo ikaanza kubisha hodi, naye akafuata kazi ya mawe Dubai.

Miaka ya 2010 tuliishi mtaa wa International City, chumba kimoja katika nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha pili kilikuwa cha jirani yetu Mfilipino na mkewe. Jiko lilikuwa letu sote: mama akikaanga vitunguu, mke wa jirani akikaanga samaki wakavu, na feni ya moshi ikinguruma juu yao. Chini ya feni hiyo ndipo Baba alipofanyia mazoezi, kwa sababu ni yenyewe tu iliyoweza kufunika sauti yake. Alirudi kutoka kukata mawe Al Quoz akiwa mweupe kwa vumbi hadi kope. Mama alimchemshia tangawizi kwa asali, mimi nikaloweka ovaroli yake, na maji yakageuka uji.

Jirani alipiga gitaa la besi katika bendi ya Wafilipino wenzake kwenye mgahawa ule wa Deira. Mwimbaji wao alipokwenda kwao kujifungua, jirani alikumbuka ile sauti ya jikoni. Basi Baba akaanza kuimba kila Ijumaa mchana, siku yake pekee ya mapumziko. Katika wiki chache tu Wakenya wakajaa pale na buti zao, na meneja akamwambia waziwazi kwamba angemwajiri, lakini mwenye viza yake amwachilie kwanza kwa barua.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Viza ya Baba, na yetu sote, ilikuwa mkononi mwa arbab, bosi wake mwenye karakana ya marumaru. Kufanyia mtu mwingine kazi lilikuwa kosa la kukurudisha kwenu na kukufungia mlango. Mkataba ulikuwa umebakiza miezi minne. Baba alikusudia kukaa kimya mpaka uishe, ndipo aombe barua yake kwa heshima na kuwa mwimbaji kweli, mchana kweupe. Miezi minne! Mama alihesabu kila Ijumaa kama mtu anayevuka mto. Alinifunza neno moja la kusema: "Ukiulizwa baba yako yuko wapi, sema amelala."

Nami nilikuwa na miaka kumi. Ijumaa moja Baba alisahau simu yake kwenye chaji. Ikalia. Mama alikuwa jikoni, feni inanguruma. Nikaipokea.

"Baba yako wapi? Kontena imefika. Namtaka sasa hivi."

Niliitambua sauti ya arbab. Amelala, amelala, neno lilikuwa pale mdomoni. Lakini nilikuwa nimelelewa kumjibu mtu mzima ukweli, na zaidi ya hapo, acha niseme tu, nilikuwa natamba. Shuleni kila mtoto alikuwa na baba mhandisi au meneja. Nikasema, "Baba hayupo, sir. Anaimba hotelini, Deira. Yeye ndiye mwimbaji mkuu."

Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Hoteli gani?"

Na nikamtajia.

Mama alipoingia alinikuta bado nimeshika simu. Hakunipiga. Ingekuwa afadhali anipige. Alizima jiko, akanishika mkono, tukashuka ngazi mbio tukachukua teksi, sisi ambao hatukupanda teksi hata mtu akiugua. Alikuwa akimpigia jirani, simu imezimwa, anapiga tena. "Ndugu yangu, haraka," alimwambia dereva, kwa Kiswahili, na dereva Mpakistani akaelewa. Mimi niliomba Mungu kila taa iwe ya kijani kwetu na nyekundu kwa arbab.

Tuliwahi. Baba alikuwa jukwaani, amefumba macho, na meza zote zimetulia. Mama akapunga mkono. Alipofumbua macho na kutuona, alijua. Angeweza kuweka gitaa chini akapita mlango wa jikoni, jirani alikuwa tayari anamwashiria kwa kichwa. Wakati huohuo mlango wa mbele ukafunguka, na arbab akaingia na kanzu yake nyeupe pe.

Baba hakukimbia. Aliimba. Arbab akavuta kiti, akaagiza chai, akasikiliza. Wimbo ukaisha, Baba akaanza mwingine, kisha wa tatu, na sijapata kumsikia akiimba vile. Mzee mmoja wa kwetu akapaza sauti, "Waambie, kijana wa Nakuru!" Mama alinibana mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Nilitamani wimbo usiishe, maana ukiisha ndipo arbab angesema.

Uliisha. Arbab akaenda mpaka jukwaani, akapiga makofi mara tatu. "Sauti nzuri sana, wallahi," akasema. "Khalas, basi. Kesho ofisini."

Jumamosi mimi na Mama tulikaa ndani siku nzima. Baba aliporudi nilisikiliza kutoka nyuma ya pazia alivyomweleza mama. Arbab hakufoka. Alisema waimbaji Dubai ni wengi, lakini mtu anayekata ukingo wa marumaru bila kuuvunja hajampata mwingine. Akaweka karatasi mbili mezani: ya kufuta viza za familia, na ya mkataba mpya wa miaka miwili wenye ahadi ya kutoimba popote.

"Nimetia sahihi hiyo ya pili," Baba akasema. "Mtoto amalize shule."

Miaka miwili ilizaa mingine minne, na vumbi likamaliza kile ambacho karatasi ilianza. Baba sasa yuko Nakuru na sauti yake ni mkwaruzo. Zile Ijumaa hazikurekodiwa na mtu yeyote. Wafilipino walitawanyika, wale Wakenya wa buti sijui waliko, na siku nikifa hakuna atakayejua kwamba pale penye masanduku watu waliwahi kulia kwa raha.

Nilimpigia Baba simu nikiwa palepale mbele ya duka hilo la masanduku. Akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: kwamba Jumamosi ile, niliposikia hataimba tena, nilifurahi, kwa sababu hatungefukuzwa na Ijumaa angekuwa wangu.

Akakohoa kidogo. "Najua, mami," akasema. "Ulitoka mbio nyuma ya pazia ukanikumbatia."